Simu Haioni Kifua cha Mtoto

Safari hii sitazungumzia choo wala maji ya kuchemsha. Nitazungumzia simu ya mkononi.

Mimi ni tabibu msaidizi katika zahanati ya kijiji. Nilisoma, nikapata cheti, nikapangiwa kazi huku. Namba yangu ya simu imeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa zahanati. Niliiandika mwenyewe. Nilitaka wananchi wanipate usiku na mchana.

Simu za mkononi zilianza Tanzania mwaka 1994. Zilianza mjini, zikafika kwetu baadaye sana. Kabla ya hapo, mtu akizidiwa alitumwa kijana kwa miguu kwenda kuita msaada. Siku hizi mama mjamzito akipata dharura, jamaa zake hupiga namba 115 bila malipo, wakatafutiwa gari. Kwa jambo hilo sina ugomvi na simu.

Sasa nieleze kosa langu.

Ilikuwa wakati wa masika, jioni, mvua inanyesha. Bibi mmoja wa kitongoji cha pili alinipigia simu.

"Shikamoo bibi," nilisema.

"Marahaba baba. Mjukuu wangu anakohoa."

"Ana homa?"

"Kidogo."

"Anakunywa?"

"Uji anakunywa kidogo kidogo."

Nilimwambia ampe parasetamoli niliyomwachia, kisha amlete asubuhi. Nikaendelea kula chakula changu. Kutoka kwangu hadi kwa bibi ni mwendo wa robo saa. Sikwenda. Niliona kwamba simu imekwisha maliza kazi.

Asubuhi bibi alikuja na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Nilimfunua nguo nikamtazama kifua. Alikuwa anapumua haraka, na sehemu ya chini ya kifua ilikuwa inabonyea ndani kila akivuta pumzi. Nilihesabu kwa dakika nzima. Pumzi 58. Ilikuwa homa ya mapafu, ambayo wengine huiita kichomi, tena kali. Nilimchoma sindano ya kwanza, nikatafuta pikipiki, tukampeleka kituo cha afya. Alilazwa siku tano. Alipona. Lakini ule usiku mmoja ungeweza kumwua.

Bibi aliporudi aliniambia, "Baba, hukuniuliza kama anapumua vibaya. Na mimi sikujua kama hilo ni jambo la kusema."

Maneno hayo yalinichoma. Bibi hakunidanganya. Alijibu kila nilichouliza. Lakini ugonjwa ulikuwa kifuani, na kifua hakipiti ndani ya simu. Kama ningekuwa mlangoni kwake, ningeuona kabla hajaniambia karibu.

Hata nyumbani mnaweza kuona. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Mfunue kifua na tumbo. Tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika nzima. Hapa simu inafaa, maana ina saa. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifika pumzi 60 au zaidi, anapumua haraka. Mtoto wa miezi 2 mpaka kabla ya kutimiza miezi 12, ni pumzi 50 au zaidi. Mwenye mwaka mmoja mpaka kabla ya kutimiza miaka 5, ni 40 au zaidi. Ukiona hivyo, usisubiri asubuhi. Na kama kifua kinabonyea ndani, au mtoto hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege au amelegea, usihesabu. Beba mtoto, njoo.

Si watoto peke yao. Tulikuwa na mzee mmoja mgonjwa wa kifua kikuu. Dawa zake ni za miezi 6, na lazima awepo mtu wa kumwona akizimeza. Mtoto wake wa kiume, aliye mjini, alisema yeye atasimamia kwa simu. Kweli alipiga kila siku. "Baba, umemeza?" "Nimemeza." Hata fedha alituma, hakukosa mwezi. Mwezi wa tatu mama jirani alikwenda kuazima jembe, akaona vidonge chini ya mkeka. Mzee alipoulizwa alisema vinamchafua roho kwa sababu analala na njaa. Fedha zilikuwa ndani ya simu. Mtu wa kupika hakuwapo. Na mzee aliona haya kumweleza mtoto wake jambo hilo. Kwenye simu mtu husema "sijambo" hata kama anatetemeka.

Sasa yule mama jirani ndiye msimamizi. Huenda kila siku na uji, husubiri mpaka kidonge kimeshuka. Huzungumza kidogo, hata habari za kuku. Mzee ameanza kunenepa. Wengine watasema ni dawa tu, lakini mimi nadhani na yale mazungumzo yamo.

Mimi pia nimebadili desturi. Nikiwa na mgonjwa, simu yangu hukaa kwenye droo. Zamani niliishika mkononi, na akina mama walikuwa wananieleza habari zao huku mimi nasoma ujumbe. Hakuna aliyelalamika. Walifupisha tu maneno, wakaondoka.

Wiki iliyopita bibi alinipigia tena, usiku. Mjukuu alikuwa na kikohozi. Kabla sijauliza alisema, "Nimehesabu, baba. Ni 34, na kifua hakibonyei." Nilimwambia amefanya vizuri sana. Kisha nikachukua tochi na baiskeli, nikaenda kumwona.