Visiwa Visitegemee Waya Mmoja

Kijana wa Iguguno aliyesomea uhasibu, tafsiri au utengenezaji wa programu za kompyuta anaweza leo kuajiriwa na ofisi ya Nairobi au London pasipo kuvuka mpaka wa nchi yake. Na kwa kuwa kazi yake haina kiwanda wala duka, anaweza pia kuihamishia Unguja au Pemba. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliitambua nafasi hiyo mwaka 2022, ilipozindua mpango wa Silicon Zanzibar wa kuvutia kampuni za teknolojia. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini mgeni wa namna hii haulizi kwanza habari za pwani nzuri. Huuliza kama umeme na intaneti vitakuwapo kesho saa za kazi.

Swali hilo lina historia. Waya wa umeme uliolazwa baharini mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba ndio ulioilisha Unguja kwa miaka mingi. Ulipoharibika mwezi Mei, 2008, kisiwa kilikaa gizani kwa takriban mwezi mmoja. Ulipoharibika tena Desemba, 2009, giza lilidumu kwa miezi mitatu. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013.

Intaneti nayo haina kanuni nyingine. Mkongo wa Seacom ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka 2010. Wengi waliamini kuwa mikongo miwili ni kinga ya kutosha. Tarehe 12 Mei, 2024 yote miwili ilikatika baharini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Tena, tarehe 29 Oktoba, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Safari hiyo hapakuwa na mkongo uliokatika. Mfanyakazi wa Unguja na mwenzake wa Iguguno walikosa mawasiliano kwa pamoja.

Kwa hiyo, anayekusudia kuhama asidanganywe na kasi iliyoandikwa kwenye tangazo. Akaipime intaneti ndani ya nyumba ile ile atakayopanga, mchana wa kazi na usiku watu wanapokuwa wengi mtandaoni. Kuta nene za nyumba za mawe za Mji Mkongwe hupunguza mawimbi ya simu. Awe na laini za kampuni mbili, na aulize kama kampuni hizo hazipitishi mawasiliano yake katika njia moja. Awe na betri ya kuendesha vyombo vyake umeme unapokatika. Zaidi ya yote, apange kwanza kwa mwezi mmoja, kabla ya kulipa kodi ya mwaka mzima.

Lakini mzigo huu si wa mpangaji peke yake. Tunawashauri wahusika, Visiwani na Bara, wazitake kampuni zitangaze, kwa kila shehia na kila kata, saa ambazo huduma ilikatika na sababu zake. Matengenezo ya umeme yatangazwe mapema. Njia ya pili ya mawasiliano ijengwe mahali palipo mbali na ile ya kwanza, ili ajali moja isizikate zote. Na kila anayefikiria kuzima intaneti akumbuke kwamba anafunga pia ofisi za watu ambao mshahara wao unategemea kazi ya siku hiyo, na kwamba mwajiri aliye ng'ambo hatasubiri maelezo. Atatafuta mtu wa nchi nyingine.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Visiwa vikitaka vijana waache mbacha wao wa Bara, viwape msala wa kudumu.