Damu nzito, damu nyepesi

Mtu akipooza upande mmoja mjini Songea, hakosi jirani wa kusema damu yake ilikuwa nzito. Jirani huyo hajakosea kabisa. Mnato wa damu ni kama mara tatu hadi nne ya ule wa maji, na hubadilika kadiri damu inavyokwenda: ikizubaa huwa nzito, ikisukumwa hulegea, kama tomato sosi ya muuza chipsi isiyotoka mpaka chupa itikiswe.

Kisa ni chembe nyekundu. Mkondo ukipungua kasi, hunatana zikapangana kwa mistari, na kinachozinatisha ni protini iitwayo faibrinojeni. Chembe moja ina kipenyo cha milimita 0.008 hivi, na baadhi ya kapilari, yaani mishipa midogo kabisa, ni nyembamba kuliko hapo, kwa hiyo hulazimika kujikunja ipite. Kisukari huzikakamaza chembe hizo, na sigara hupandisha faibrinojeni.

Huko Edinburgh, Uskoti, watu 1,592 wa miaka 55 hadi 74 walifuatiliwa kwa miaka mitano. Wenye damu nzito zaidi ndio waliougua zaidi moyo na kiharusi. Ila watafiti walipoweka kwenye hesabu presha, lehemu na sigara, uhusiano huo ulififia.

Sioni ajabu. Daktari Mfaransa Jean Poiseuille alionyesha katika miaka ya 1840 kwamba upana wa mrija ndio wenye kauli. Mnato ukipanda kwa asilimia 10, damu inayopita hupungua kwa asilimia 9 tu. Mshipa ukisinyaa kwa asilimia 10, hupungua kwa theluthi nzima. Ukisinyaa nusu, hupita sehemu moja ya 16. Na presha, ambayo utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2012 uliikuta kwa takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne, ndiyo inayoikomaza na kuibana mishipa. Hata aspirini, ambayo wengi huiita dawa ya kulainisha damu, haigusi uzito wake. Huzuia tu isigande ovyo. Anayeimeza akaacha vidonge vya presha amechagua vibaya.

Kwetu kuna jambo jingine, na kwa maoni yangu ndilo kubwa. Dkt. Abel Makubi na wenzake waliwapima wagonjwa 401 wa hospitali ya Muhimbili ambao mioyo yao ilikuwa imeshindwa kazi. Katika matokeo yaliyochapishwa 2015, asilimia 57 walikuwa na upungufu wa damu, na karibu nusu walipungukiwa madini ya chuma. Damu yao ilikuwa nyepesi, ikateleza vizuri, lakini haikubeba oksijeni ya kutosha, na moyo uliokwisha kuchoka ukalazimika kuizungusha upesi zaidi. Waliokosa damu kwa sababu ya kukosa chuma ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi.

Kipimo cha wingi wa damu hufanyika hata katika vituo vya afya. Tiba ndiyo ngumu: jaribio la Marekani la mwaka 2017 lilionyesha kuwa vidonge vya chuma haviwaongezei nguvu wagonjwa wa moyo waliopungukiwa chuma. Chuma cha kudungwa mshipani ndicho huwasaidia.