Tuzo ya Nobel na Kenya: Ubaguzi wa Kisiasa au Kizingiti cha Lugha?

Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki tarehe 28 Mei 2025 bila ya kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kwa kuwa kanuni haziruhusu marehemu kuteuliwa, mlango huo umefungwa. Hata hivyo, dai lililozoeleka miongoni mwa wapenzi wa fasihi jijini Nairobi, hususan tangu mwaka 2010 alipotajwa sana na tuzo ikamwendea Mario Vargas Llosa wa Peru, bado lipo: kwamba kamati za Ulaya zinaibagua Kenya kwa sababu za kisiasa. Makala haya yanalichunguza dai hilo.

Kwanza, ni muhimu kutenganisha vyombo viwili. Tuzo ya Fasihi hutolewa na Akademia ya Uswidi yenye viti 18. Tuzo ya Amani hutolewa na kamati ya watu watano wanaoteuliwa na Bunge la Norwe. Bila shaka, kamati hii ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na siasa. Isitoshe, mnamo Oktoba 1990 Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Norwe kutokana na kesi ya uhaini ya Koigi wa Wamwere. Lau kinyongo kingekuwapo, kingedhihirika hapo. Lakini mwaka 2004 kamati hiyo ilimtuza Wangari Maathai, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata tuzo hiyo. Maathai ndiye aliyepinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru mwaka 1989, na mwaka 1992 akajiunga papo hapo na akina mama waliodai wana wao waachiliwe kutoka vizuizini. Leo taasisi yenye jina lake ipo Kabete, magharibi mwa jiji. Siasa haikukosekana katika uamuzi huo, ila haikuelekezwa dhidi ya nchi. Ilimwinua Mkenya aliyewahi kupigwa na dola lake mwenyewe.

Kuhusu fasihi, kumbukumbu za Akademia hufichwa kwa miaka 50. Hivyo basi, anayedai kwa yakini kwamba Ngũgĩ alinyimwa kwa itikadi yake hana ushahidi, na anayekanusha pia hana. Linaloonekana wazi ni suala la lugha. Wole Soyinka (1986), Nadine Gordimer (1991), J. M. Coetzee (2003) na Abdulrazak Gurnah (2021) wote wameandika kwa Kiingereza. Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alikulia katika Kiswahili, lakini riwaya zake si za Kiswahili. Hadi sasa hakuna aliyetuzwa kwa kazi zilizoandikwa kwa lugha ya Kibantu. Msomaji wa Stockholm huzifikia kazi hizo kupitia tafsiri tu, na tafsiri ni chache.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kabla ya kulaumu Stockholm, yafaa kukumbuka ya nyumbani. Ngũgĩ alifungwa bila kushtakiwa kati ya 1977 na 1978 baada ya tamthilia ya Kigikuyu aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kuigizwa Kamĩrĩĩthũ. Mwaka 1982, *Maitũ Njugĩra* ilinyimwa jukwaa katika Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza, hatua chache tu kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi alikowahi kufundisha. Kamati ya kwanza kumkataa ilikuwa ya nyumbani.

Aidha, miongoni mwa wenye haki ya kupendekeza majina kwa Akademia ni maprofesa wa fasihi na isimu pamoja na marais wa vyama vya waandishi, popote walipo. Haki hiyo iko mikononi mwa wanataaluma wa Nairobi vilevile. Kwa hiyo, jukumu la wanafunzi wa Kiswahili ni kutafsiri, kuhakiki na kuzitangaza kazi za lugha za Kiafrika. Kazi isiyosomeka haiwezi kubaguliwa wala kutuzwa; hupitwa tu.