Miaka Miwili ya Mama Mwanafunzi
Tangu Novemba 2021, binti aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurejea shuleni. Asiyeweza kurudi katika darasa la kawaida hupitia njia mbadala ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo hukamilisha kidato cha kwanza hadi cha nne kwa miaka 2. Muda huo, kwa bahati njema, unalingana na miezi 24 ambayo Shirika la Afya Duniani hushauri ipite baada ya kujifungua kabla ya mimba nyingine. Hivyo ushauri wa uzazi wa mpango hauna budi kutangulia siku ya kwanza ya masomo.

Nyumbani, mzigo humwangukia bibi. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hudumu takriban saa 4 katika joto lisilozidi nyuzi 25, na mchana wa Nachingwea mara nyingi huzidi hapo. Ni afadhali bibi amlete mtoto karibu na darasa anyonye.