Herufi Chache, Mji Mzima: Sayansi ya Mvuto wa Michezo ya Kusimamia Makazi

Miongoni mwa michezo ya kompyuta ipo jamii moja ambayo wapenzi wake huweza kuicheza kwa miaka mingi ingawa picha zake ni za kiwango cha chini kabisa. Hii ni michezo ya kusimamia makazi, yaani programu zinazoiga maisha ya kijiji, mji au kambi, ambamo mchezaji hamwongozi shujaa mmoja bali hugawa kazi, huweka akiba ya chakula, hujenga maghala na kuta, kisha huangalia jinsi wakazi wanavyoishi na matokeo ya maamuzi yake. Wanasaikolojia na wataalamu wa mifumo wamegundua mambo kadhaa yanayosaidia kueleza mvuto huo, na mambo hayo yanaeleweka vizuri zaidi yakitazamwa kupitia bao linalochezwa vibarazani na kupitia Tabora ya karne ya 19, ambayo yenyewe ilikuwa makazi yaliyotegemea hesabu ngumu ya watu, chakula, nguo na majira.

Mji ulioandikwa kwa kibodi

Mfano mashuhuri ni Dwarf Fortress, mchezo uliotungwa na ndugu wawili wa Marekani, Tarn Adams na Zach Adams, na kutolewa kwa umma mwaka 2006. Hadi mwishoni mwa mwaka 2022, lilipotoka toleo rasmi lenye michoro, mchezo huo ulionyesha dunia yake kwa herufi, tarakimu na alama za kibodi zilizotiwa rangi, hivi kwamba paka alikuwa herufi moja tu na ukuta ulikuwa mfululizo wa alama. Hata hivyo, nyuma ya alama hizo programu ilikuwa ikikokotoa hali ya hewa, aina za mawe, majeraha ya kila kiungo cha mwili, urafiki, uadui na huzuni ya kila mkazi. Mwaka 2012 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yaliuingiza mchezo huo katika mkusanyiko wake, jambo linaloonyesha kwamba ubuni wa kanuni nao unaweza kuhesabiwa kuwa sanaa.

Kanuni nyingi ndogo zinapokutana huzaa matukio ambayo hata mtunzi hakuyapanga, na wataalamu huyaita matukio ya namna hiyo tabia ibuka. Mfano unaojulikana sana ni ule wa paka waliokuwa wakifa ndani ya Dwarf Fortress bila sababu iliyo wazi. Ilipochunguzwa programu ilibainika kwamba pombe ilimwagika sakafuni katika vilabu, paka walipita wakaikanyaga, wakajilamba nyayo kama paka walivyo, na kwa kosa la hesabu programu ikachukulia kila mlambo kuwa kikombe kizima cha pombe. Hakuna aliyeandika hadithi ya paka walevi, bali ilitokana na kanuni ya kumwagika, kanuni ya kujilamba na kanuni ya ulevi, na ndiyo maana mchezaji hurudi tena na tena kwa kuwa hajui dunia hiyo itamletea nini kesho.

Ubongo hukamilisha picha

Swali la kwanza la kisayansi ni jinsi alama tupu inavyoweza kuamsha hisia. Mwaka 1944 wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu filamu fupi ambayo ndani yake pembetatu mbili na duara dogo zilitembea kuzunguka mstatili wenye sehemu inayofunguka na kufungwa. Katika kundi la watazamaji 34 walioombwa kueleza walichokiona, ni mmoja tu aliyezungumzia maumbo na mwendo wake, ilhali wengine walisimulia ugomvi, mapenzi, woga na uonevu. Ubongo wa binadamu umezoea kutafuta nia nyuma ya mwendo, kwa hiyo kitu kinachokwenda kwa namna ya kukimbia kitaonekana kinaogopa hata kama hakina uso. Mchezo wa herufi hutegemea uwezo huo huo, kwa sababu herufi inayoacha kazi, inayokwenda kwenye kaburi la rafiki yake na kukaa hapo, humgusa mchezaji kwa kuwa sababu ya huzuni yake inajulikana.

Swali la pili linahusu mipaka ya akili. Kumbukumbu ya muda mfupi, yaani sehemu ya akili inayoshika mambo wakati mtu anapofikiri, hubeba mambo machache sana kwa mara moja. Mwanasaikolojia George Miller alikadiria mwaka 1956 kuwa ni karibu saba, na tafiti za baadaye zimeishusha idadi hiyo hadi takriban manne. Alama iliyo wazi huonyesha kilicho muhimu na kuacha mengine, hivyo mchezaji hutumia nafasi hiyo finyu kufikiria uhusiano wa mambo badala ya kuchambua mapambo. Ipo pia sababu ya kiufundi, kwamba watunzi wawili wasio na kundi la wachoraji huweza kuelekeza nguvu zao zote katika kanuni, na mchezaji hahitaji kifaa cha picha cha gharama kubwa, ingawa kichakato cha kompyuta bado huelemewa makazi yanapokua na hesabu kuongezeka.

Bao, mfumo wa kete 64

Afrika Mashariki ina ushahidi wake wa kale kwamba mchezo hauhitaji picha nzuri ili uvutie. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane na kete 64, na kete zote ni sawa, hazina sura, cheo wala jina. Tofauti na sataranji, ambapo kipande kilicholiwa hutoka mchezoni, kete zinazoliwa katika bao hupandwa upande wa aliyekula, kwa hiyo jumla haipungui na kila faida ya mmoja ni hasara ya mwenzake. Mchezo huanza na hatua ya kunamua, ambapo kila mchezaji huingiza kete zake 22 za akiba moja baada ya nyingine, na baada ya akiba kwisha huingia hatua ya mtaji. Katikati ya yote ipo nyumba, shimo linaloanza na kete sita, ambalo mwenyewe huamua aiache ilale kama hazina au aipeleke safari kwa kuzisambaza kete zake.

Uamuzi huo wa kuweka au kutumia ndio moyo wa mchezo wowote wa kusimamia makazi. Mtafiti wa Kiholanzi Alexander de Voogt, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1995 kuhusu mabingwa wa bao wa Zanzibar, aliutumia mchezo huu kuchunguza mipaka ya akili ya binadamu, kwa sababu kete moja inapotembea hubadili hali ya mashimo mengi kwa mpigo. Anayelipenda bao havutwi na uzuri wa kete, bali hupenda kuona mbele, kukisia, na kisha kuthibitishwa au kusahihishwa na ubao wenyewe.

Tanaland, nchi isiyokuwepo

Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Kijerumani Dietrich Dörner na wenzake walitunga kwa kompyuta nchi ya kubuni iliyoitwa Tanaland, wakaiweka mahali fulani Afrika Mashariki, wakaipa wakulima, wafugaji, mashamba, mifugo na maji. Washiriki 12 walipewa mamlaka kamili ya kuboresha maisha ya wakazi hao, na taarifa zote walizipata kwa maneno na tarakimu. Wengi wao walianza vizuri kwa kuongeza chakula, matibabu na visima, lakini idadi ya watu na mifugo ikakua kuliko uwezo wa ardhi na maji, na baada ya miaka kadhaa ya mchezo njaa ikaingia. Washiriki hawakukosa nia njema, ila walishindwa kufuata mzunguko wa mrejesho, yaani hali ambapo tokeo la jambo hurudi na kulibadili jambo lililolizaa. Elimu ya mizunguko hiyo iliendelezwa na mhandisi wa Marekani Jay Forrester, na maandishi yake kuhusu miji yalimsaidia Will Wright kutunga SimCity, mchezo uliotoka mwaka 1989 na kufungua njia kwa michezo mingi ya aina hii.

Tabora kama mfumo

Dörner na wenzake walibuni nchi, lakini njia ya misafara ya Tanzania magharibi ilikuwa mfumo halisi, na kumbukumbu zake zipo. Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa, Ugogo na pori la Mgunda Mkali lenye shida ya maji, kisha ikagawanyika kwenda Ujiji upande wa magharibi au Karagwe na Buganda upande wa kaskazini. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walifika hapo Novemba 1857, wakati mahali hapo palipojulikana pia kama Kazeh, na kitabu alichochapisha Burton mwaka 1860 kina maelezo marefu ya bidhaa, vipimo na bei za njiani.

Kila mpagazi, ambaye mara nyingi alikuwa Mnyamwezi, alibeba takriban kilo 30, yaani karibu frasila mbili za nguo za merikani na kaniki, ushanga au pembe za ndovu. Nguo na ushanga vilikuwa bidhaa na fedha kwa wakati mmoja, kwa kuwa ndivyo vilivyonunua posho ya kila siku na kulipia hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watawala ambao msafara ulipita katika nchi zao. Hapo mzunguko wa mrejesho unaonekana wazi: msafara mkubwa ulihitaji chakula kingi, chakula kikipanda bei nguo ziliisha upesi, posho ikipungua wapagazi walitoroka, mizigo iliyobaki bila wabebaji ilichelewesha safari, na kila siku ya kuchelewa ilikula posho zaidi. Majira nayo yalikuwa na amri yake, kwa sababu mvua zilipokaribia wapagazi wengi walitaka kurudi kulima mashamba yao.

Tukio la mbali liliweza kuutikisa mfumo mzima. Vita kati ya Mirambo wa Urambo na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe mwaka 1871 viliifunga njia ya kawaida ya Ujiji, na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley akalazimika kuzunguka kusini ili kumfikia mpelelezi David Livingstone. Mwaka uliofuata Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, kuanzia Machi hadi Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani, kwa maana bila watu wa kubeba hakuna safari hata kama mizigo imejaa ghalani.

Anayetaka kuuiga mfumo huo kwa kompyuta ana wajibu wa kimaadili. Njia hiyo ilipitisha watumwa pamoja na pembe, na mchezo unaowahesabu binadamu kama magunia ya nafaka ungekuwa uongo wa kihistoria na dhuluma juu ya dhuluma. Wapagazi walipatana ujira, walibishania posho, waligoma na kuondoka, kwa hiyo programu ya kweli lazima impe kila mmoja wao kumbukumbu, familia, shamba na uwezo wa kukataa. Dwarf Fortress imethibitisha kwamba jambo hilo linawezekana hata pale mtu anapoonyeshwa kwa alama moja.

Tanzania iliiweka njia kuu ya biashara ya utumwa na pembe, Kwihara ikiwemo, katika orodha ya awali ya maeneo ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, lakini urithi huo haulindwi kwa kuta za nyumba za tembe pekee. Walimu wa historia, walimu wa kompyuta na vijana wanaojifunza kuandika programu, hasa wa Tabora yenyewe, wanapaswa kukutana na kutunga mwigo wa msafara wa Unyanyembe kwa Kiswahili, wenye kibaba cha nafaka, doti ya merikani, kisima cha Mgunda Mkali na mpagazi anayekumbuka shamba lake. Wasisubiri fedha za michoro mizuri: waanze na herufi na kanuni sahihi, kwa kuwa mwanafunzi akishaona kwa nini msafara wake umekwama ataielewa historia kuliko aliyekariri tarehe, na ataingia katika usimamizi wa maji, chakula na miji ya leo akiwa na akili iliyozoea kufuata matokeo hadi mwisho wake.