Runinga ya Kuwaka Saa 14 kwa Siku: Piga Hesabu Hii Kabla ya Kulipa

Uko na kinyozi, hoteli ndogo ama ukumbi wa kuonyesha mpira? Basi runinga yako si ya sebuleni. Ya nyumbani huwashwa jioni. Ya biashara inaamka saa mbili asubuhi na kuzimwa saa nne usiku: saa 14 kila siku, zaidi ya 5,000 kwa mwaka. Ukinunua kwa kuangalia tu picha inavyong'aa dukani, huenda ukajuta. Hebu tuipige hesabu pamoja.

Ukubwa na ubora wa picha

Inchi hupimwa kutoka kona moja ya skrini hadi ile ya mkabala. Inchi 55 ni kama sentimita 140. Pima ukuta wako, kisha pima umbali kutoka hapo hadi viti vya wateja. Skrini ya HD kamili ina nukta 1,920 kwa 1,080, na ya 4K ina nukta mara nne ya hizo. Lakini mteja aliyeketi mita nne kutoka kwa skrini ya inchi 55 hataona tofauti kubwa, hasa kama king'amuzi chako kinatoa HD tu. Usilipie usichokiona.

Aina ya skrini

OLED ina picha tamu, ila alama ya stesheni ikikaa kona moja kutwa kucha, siku nyingi, inaweza kuacha kivuli kisichofutika. Kwa kazi ya kutwa, LED ya kawaida ni salama zaidi. Adui wake ni joto: taa za ndani huchakaa haraka mwangaza ukiwekwa juu kabisa. Ukifika nao, punguza mwangaza na uache nafasi ya hewa nyuma. Usiitundike juu ya jiko la chapati!

Stima

Angalia wati kwenye kibandiko cha nyuma. Runinga ya wati 120 ikiwaka saa 14 inakula yuniti 1.68 kwa siku, karibu 50 kwa mwezi. Ya wati 200 inakula 84. Tofauti hiyo ya yuniti 34 utainunua kwa tokeni kila mwezi, mwaka baada ya mwaka. Weka pia TV guard, maana stima ikipotea na kurudi kwa kishindo inaweza kuichoma.

Waranti

Waranti nyingi ni za matumizi ya nyumbani pekee. Muulize muuzaji waziwazi: "Nikiiweka kwa biashara, bado mtanitengenezea?" Akikubali, aandike kwenye risiti pamoja na nambari ya runinga yenyewe.

Sasa malipo

Ukinunua kwa lipa pole pole, usiangalie ile shilingi ya kila siku peke yake. Tuseme bei ya taslimu ni 50,000. Unaambiwa uanze na 10,000, halafu 200 kila siku kwa mwaka mmoja. Hiyo ni 73,000 juu ya ile 10,000, jumla 83,000. Umeongeza 33,000. Pengine kuweka akiba miezi michache ni afadhali.

Na ukiona runinga mtandaoni kwa nusu ya bei, halafu muuzaji anataka "tuma kitu kidogo nikuwekee" kwa nambari yake binafsi, simama hapo. Pesa ikishatolewa upande ule, kuirudisha ni kazi ngumu. Nenda uione ikiwaka. Lipa kwa till ya duka, na usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Kama jina si la duka hilo, usiendelee.

Mwisho, usifute ujumbe wa malipo. Nambari ya muamala, tarehe na kiasi ndizo zitakutetea runinga ikizima ghafla na muuzaji akidai hakujui.