Jinsi ya kugawa swichi moja kuwa mitandao miwili

KATIKA miji inayopanuka kandokando ya barabara kuu ya Nairobi-Namanga, kama vile Kitengela na Kajiado, si ajabu zahanati na saiba kupangishwa jengo moja na kuchangia laini moja ya intaneti. Gharama hupungua, lakini hatari huongezeka.

Kompyuta zote zikiunganishwa kwa swichi ya kawaida, huwa katika mtandao mmoja. Virusi vilivyoletwa na flashi ya mteja wa saiba vyaweza kuifikia kompyuta yenye rekodi za wagonjwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humtwika mwenye rekodi jukumu la kuzilinda.

Si lazima kununua swichi ya pili. Swichi inayokubali kuwekewa mipangilio yaweza kugawanywa kwa VLAN, yaani mitandao pepe. Zile za bei ya chini kabisa hazina uwezo huo. Njia rahisi ni kugawa kwa poti: kila tundu la waya hupewa nambari ya mtandao wake. Kiwango cha 802.1Q, kilichotolewa na taasisi ya IEEE mwaka 1998, huruhusu nambari 1 hadi 4094.

Swichi ikitoka kiwandani, kwa kawaida poti zote huwa katika VLAN 1. Tuseme ina poti nane. Fundi huunda VLAN 10 ya zahanati na kuipa poti 1 hadi 3, kisha VLAN 20 ya saiba kwa poti 4 hadi 6. Nambari ya msingi ya kila poti, iitwayo PVID, sharti ilingane na VLAN yake, kisha poti hizo ziondolewe katika VLAN 1. Poti ya 7 hubaki humo ili fundi asijifungie nje. Ya 8, inayoelekea kwenye ruta, huwekwa katika VLAN 10 na 20 kwa alama, nayo ruta iwe na uwezo wa kuzisoma alama hizo.

Hata hivyo, ruta yaweza kuunganisha tena kilichotenganishwa. Yafaa iwekewe amri ya kuzuia VLAN 20 kuifikia VLAN 10. Kisha fundi ajaribu kuifikia kompyuta ya zahanati akiwa saiba. Ikijibu, kazi haijaisha.

Mwishowe mipangilio ihifadhiwe, nywila ya kiwandani ibadilishwe na kila waya utiwe lebo. Waya wa saiba ukichomekwa katika poti ya 2 kimakosa, ulinzi wote huwa umevunjika.